Umetoka kwenye intavyuu? Andika imeili ya asante kabla hujalala

Ukitoka kwenye intavyuu usikimbilie taksi. Tafuta pahali ukae, hata kama ni benchi la muuza chapati nje ya geti, toa kalamu uandike vitu vitatu: majina ya waliokuhoji, swali lililokusumbua, na kitu kimoja walichosema kuhusu hiyo kazi ambacho ulikuwa hukijui kabla ya kuingia mle ndani. Dakika tano zinatosha. Ukishapanda taksi, redio iko juu, konda anagombana na abiria kuhusu chenji, nusu ya hayo yameshapotea, na hayo ndiyo imeili yako nzima itasimama juu yake.

Mimi niko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kampuni ya kliaringi na fowadingi, yaani ya kutoa mizigo forodhani na kuisafirisha, kazi yangu ni karatasi za mizigo inayopanda kutoka Mombasa, lakini miaka kadhaa sasa bosi akitaka kuajiri watu wa ofisi huwa ananiita nikae naye upande wa waulizaji. Wanakuja vijana wa Tororo, wa Busia, wa Mbale, wengine wamesafiri usiku kutoka Kampala wanafika macho mekundu. Tunaongea na watu tisa, kumi kwa siku moja. Sasa nikwambie kinachotokea baadaye, maana wengi hawakijui: kesho yake tukikaa kuamua, nyuso zimeshachanganyika, mtu anauliza hivi yule aliyesema amefanya kazi mizani ni nani, yule wa shati la bluu au yule dada wa mwisho, tunaanza kufungua sivii moja moja na sivii zenyewe zinafanana kama mayai, diploma ileile, kompyuta anajua, Kiingereza na Kiswahili anaongea. Hapo ndipo imeili iliyoingia jana jioni inafanya kazi yake. Haitakupa kazi uliyoshindwa kuieleza, hilo niseme mapema, kama ulichelewa saa nzima na hukujibu kitu asante haifuti. Ila mkiwa wawili mmelingana, mmoja ametukumbusha yeye ni nani na alisikia nini, mwingine kimya, unajua mwenyewe mkono utaenda kwenye karatasi gani.

Na najua kwa nini watu hawaandiki. Wengi wanaona ni kujipendekeza, wengine wanasema hayo mambo ya wazungu. Mimi sikubali kabisa. Hapa Uganda mtu akikupita unalima anakwambia gyebale, anakushukuru kwa shamba ambalo mahindi yake hata hatayala. Watoto tunawafundisha kupokea kitu kwa mikono miwili. Halafu watu watatu wameacha kazi zao, maloli yamepanga foleni nje, wamekusikiliza nusu saa, wewe unaondoka na kunyamaza mpaka wakupigie? Hiyo ndiyo si yetu.

Kujipendekeza ni kitu kingine, na hapa ndipo watu wanateleza. Shuleni tulifundishwa barua ya kuomba kazi na ile sauti ya kuomba ikatukaa kooni, kwa hiyo mtu anakaa kushukuru anajikuta anaomba tena, "nawaomba kwa unyenyekevu mkubwa mnifikirie, mimi ni mtoto wa kwanza na wadogo zangu wananitegemea". Inauma kuisoma kwa sababu unajua ni kweli. Lakini aliyekaa pale hawezi kuifanyia chochote, wale wengine tisa nao wana wadogo zao. Shukuru, usiombe tena. Ombi ulishalipeleka, lilisomwa, ndiyo maana wakakuita.

Angalia hii, ni mfano wa zile tunazozipata mara nyingi:

"Mpendwa Bwana/Bibi, nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa kufanya intavyuu katika kampuni yenu tukufu. Ilikuwa heshima kubwa kwangu. Naamini mimi ndiye mtu mnayemtafuta kwa sababu ni mchapakazi, mwaminifu na najifunza haraka. Nasubiri jibu lenu zuri. Mungu awabariki."

Haina kosa. Adabu ipo. Lakini ichukue uipeleke kwa benki, kwa shule ya msingi, kwa mwenye bekari Jinja, haibadiliki hata neno. Na hiyo "Bwana/Bibi" inatuambia kwamba umekaa na mtu nusu saa, mmeangaliana uso kwa uso, na hukushika jina lake. Sasa soma hii:

Kichwa: Asante kwa intavyuu ya leo, nafasi ya karani wa mizigo

"Bi. Fulani, habari za jioni.

Asante kwa muda wenu leo asubuhi, wewe pamoja na Bwana Fulani. Mlinieleza kwamba karani wa zamu ya usiku ndiye anapokea simu za madereva kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikujua kwamba kazi inaanzia hapo, na nimeondoka nikiwa naielewa zaidi kuliko nilivyoingia.

Mliniuliza ningefanya nini uzito wa mizani ukitofautiana na karatasi. Nilisema ningempigia mwenye mzigo, lakini sikumaliza jibu. Kwanza ningemwambia dereva asisogeze loli, nilinganishe karatasi ya mizani na orodha ya mzigo mstari kwa mstari, nimjulishe mkubwa wa zamu, ndipo nimpigie mwenye mzigo nikiwa na takwimu zote mkononi.

Zamu ya usiku naiweza, naishi Tororo na usafiri ninao. Mkihitaji karatasi yoyote zaidi napatikana kwa namba iliyo hapa chini.

Asante tena."

Halafu jina lako, yote mawili kama yalivyo kwenye sivii, na namba ya simu. Imeisha. Si ndefu, bosi anaisoma kwenye simu amesimama yadi huku anasubiri loli lirudi nyuma, hana haja ya kusukuma skrini mara tano. Na haisemi popote kwamba wewe ni mchapakazi. Tumeiona wenyewe, mtu ametoka kwenye intavyuu amechoka, badala ya kulala amelifikiria swali letu tena.

Hiyo sehemu ya kumalizia jibu ndiyo naipenda kuliko zote na ndiyo watu hawaitumii. Kila mtu anatoka intavyuu na jibu moja linamkereketa, uko kwenye boda unarudi nyumbani ndipo jibu zuri linakuja, unajipiga paji la uso. Basi lipeleke! Ila chagua moja tu. Ukirekebisha majibu manne inakuwa kama unaomba intavyuu ya pili, na usigeuze uliyosema, kama uliwaambia hujawahi kushika kitu fulani usije usiku ukaandika kwamba sasa unakumbuka uliwahi. Tulikuwa na dada mmoja, tulimuuliza kuhusu ASYCUDA World, huo mfumo wa kompyuta wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ambao matamko ya mizigo yanaingizwa humo, akasema waziwazi hajawahi kuutumia, ameusikia tu. Jioni akaandika kwamba amekwenda kwa rafiki yake anayefanya kazi ya kliaringi akamwelekeza kwa maneno, hatua kwa hatua, na sasa ameelewa entri, yaani hilo tamko la mzigo, inaanzia kwenye karatasi gani na ni wapi angehitaji kufundishwa. Mistari mitatu. Nafasi ile hakuipata, alikuwepo mwenye uzoefu, lakini ilipotokea nyingine baada ya miezi, bosi mwenyewe ndiye alisema muiteni yule aliyekwenda kuulizia ASYCUDA. Jina alikuwa amelisahau, kitendo hakukisahau.

Kama hukuharibu swali lolote, shukuru Mungu, ruka hiyo sehemu. Usitafute kosa ambalo halikuwepo uwakumbushe.

Kuhusu kukopi, tafadhali nisikilize hapa kwa sababu mimi lilinikuta. Nikiwa natafuta kazi Kampala nilipata intavyuu mbili wiki moja, ya kwanza kwenye stoo kubwa ya vifaa, ya pili ofisi ya usafirishaji. Imeili ya kwanza niliiandika vizuri kwa kutulia, nikafika ya pili nikaona nisijichoshe, nikakopi nikabadilisha jina la juu. Kumbe mstari wa mwisho kabisa kulikuwa na jina la ile kampuni ya kwanza. Niliiona saa tatu usiku nikiisoma tena kwenye Sent, mwili ukaniisha nguvu. Nikaandika nyingine ya kuomba radhi, mistari miwili bila maelezo mengi, hawakujibu, na sikuwalaumu. Tangu siku hiyo kila imeili naianza kwenye ukurasa mtupu, na anwani ya mtu naiweka mwisho kabisa, baada ya kuisoma kwa sauti. Anwani ikiwa haipo hata kidole kikiteleza imeili haiendi popote. Tena kwenye Gmail ya kompyuta ukiingia kwenye setingi unaweza kujipa hadi sekunde 30 za kuirudisha imeili baada ya kubonyeza tuma, nenda ukaziweke 30 leo hii, usingoje siku ya balaa.

Sasa lugha. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini tusidanganyane, ofisi nyingi za Kampala barua zao ni Kiingereza. Wewe fuata lugha waliyokuhoji nayo. Kama intavyuu yote ilikuwa Kiingereza, andika Kiingereza chepesi unachokimudu, mpango ni uleule. Kama ni hapa mpakani ambapo tunaanza na Kiingereza, tunamalizia Kiswahili, na mzaha unapita kwa Kiteso, angalia barua ya kukuita iliandikwa kwa lugha gani, jibu kwa hiyo. Kazi ya kufundisha Kiswahili au ya kuongea na madereva kutwa nzima, hapo Kiswahili chako kizuri chenyewe ni ushahidi, kiandike. Usichanganye tu lugha tatu kwenye mistari sita.

Ssebo na nyabo, yaani bwana na bibi kwa Kiganda, ni vya mdomoni, pale getini na mapokezi vitumie sana, kwenye imeili andika Bwana au Bi. na jina la mtu, na kama walijitambulisha kama Daktari au Mhandisi usiiache. Usiandike "mama" wala "mzee" hata kama mlizoeana mle ndani mkacheka. Jina likikuchanganya herufi zake, piga simu mapokezi uulize linaandikwaje, haichukui dakika moja na hakuna anayekasirika. Watu wa kwetu majina yana O na A za mwanzo, Okello na Akello ni watu wawili tofauti, mmoja mwanaume mmoja mwanamke, na simu ikiamua kukusahihishia yenyewe utakuwa umemgeuza mtu jinsia. Ile kitu ya kusahihisha maneno izime kabisa kabla ya kuanza, Kiswahili haikielewi inakibadilisha kuwa Kiingereza cha ajabu. Baraka za dini mimi naziacha, humjui mtu anasali wapi, lakini kama yeye mwenyewe alikupokea kwa assalaam alaikum basi mrudishie.

Unampelekea nani? Rahisi ni kujibu ileile imeili iliyokuita kwenye intavyuu, inabaki kwenye mnyororo mmoja na anayeisoma anaona kila kitu kwa pamoja. Walikuita kwa simu tu? Ukimaliza, kabla hujanyanyuka kwenye kiti, uliza kwa heshima "naweza kupata imeili ya kuwaandikia?", na hakuna atakayeona vibaya, sisi tunaona huyu ana utaratibu. Kama walikuwa watatu na una imeili moja, andika moja, wataje wote, omba salamu ziwafikie. Kama una za wote watatu unaweza kumwandikia kila mmoja, ila basi ziwe tofauti kweli, maana wanakaa ofisi moja na wataonyeshana.

WhatsApp hapana, mpaka wao wawe ndio walioanza kukuandikia huko. Ukipata namba ya bosi kwa njia za pembeni halafu saa nne usiku unamtumia asante yenye maua, umemtisha.

Muda: siku hiyohiyo jioni, au kesho yake asubuhi kabla ofisi haijashika moto. Ndani ya saa 24 hivi. Usitume ukiwa bado uko getini, inaonekana uliiandika jana. Intavyuu ikiwa Ijumaa, tuma Ijumaa hiyo jioni, usingoje Jumatatu kwa sababu wengine tunaamua Jumamosi. Na ukishatuma hakikisha imeenda. Bando likiisha katikati imeili inakaa Outbox imelala, wewe nyumbani unajua umeshukuru, kule hakuna kilichofika. Fungua Sent uione kwa macho yako.

Anwani yako pia iangalie. Tunapata imeili zimetoka kwa "princebling" na namba za mwaka wa kuzaliwa, nyingine zinatoka kwa anwani ya yule jamaa anayetaipu na kuprinti sivii mjini, kwa sababu ndiye alimtumia mtu maombi. Sasa tukijibu, jibu linaenda kwake, na yeye ana wateja hamsini. Fungua yako, jina na jina la baba, bure.

Kazi za serikali ziweke pembeni kidogo. Ukihojiwa na Public Service Commission au tume ya utumishi ya wilaya, matangazo yao mara nyingi yanasema wazi kwamba anayewafuata watu wa tume kujipigia debe anaondolewa. Kwa hiyo shukuru palepale mdomoni unapotoka, na ukitaka kuandika basi iwe mistari miwili kwa ofisi yenyewe, kwa katibu, bila kuongeza sifa zako wala kumalizia majibu. Usitafute namba za wanajopo.

Na pahali popote, serikali au kampuni, asante haina bahasha. Mtu akikupigia baada ya intavyuu akasema kazi ni yako ila tuma kitu kidogo kwa mobile money ya kusukuma faili, usitume. Wengi wao hata hawafanyi kazi pale, walipata tu namba yako kwenye rundo la sivii, na hata kama anafanya kazi pale, sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamshika anayetoa na anayepokea. Nimeona kijana ameuza mbuzi wawili kwa simu ya namna hiyo. Piga namba ya ofisi, ile iliyoko kwenye barua, uliza.

Baada ya hapo kaa. Walikwambia jibu ni wiki mbili, usiandike siku ya nne kuuliza kama waliiona imeili. Wiki mbili zikipita, ongeza siku mbili tatu halafu andika mstari mmoja kwenye mnyororo uleule: "Bi. Fulani, habari za kazi, naulizia tu nafasi ya karani wa mizigo imefikia wapi, bado niko tayari." Mara moja. Wakinyamaza tena endelea na maombi mengine, kunyamaza kwao mara nyingi ni kazi nyingi tu, mizigo imeziba mpaka.

Wakikwambia hapana, hiyo nayo ijibu, na hapa karibu hakuna anayejibu, ndiyo maana tunaikumbuka. "Asante kwa kunijulisha mapema, wengine hawajulishi. Nilijifunza kitu kwenye mazungumzo yetu kuhusu zamu ya usiku. Ikitokea nafasi nyingine Malaba au Busia, namba yangu ni ileile." Usiulize kwa nini hukuchaguliwa kwenye imeili hiyohiyo. Iache ilale siku moja, na kama bado unataka kujua, kesho yake uliza kwa upole ni kitu gani kimoja ungekiboresha. Bosi wangu swali hilo hulijibu kila mara anapoulizwa, hata akiwa katikati ya yadi.